Kilemba na Sanduku Lake: Heshima na Hazina katika Majumba ya Wamoghul

1.0 Utangulizi

Kilemba ni kitambaa kinachozungushwa kichwani, lakini katika Kiswahili neno hilo limebeba mengi zaidi ya kitambaa. Baba wa bibi harusi hupewa kilemba kama mama apewavyo mkaja. Fundi aliyemfunza mwanagenzi hadi akahitimu hupewa kilemba chake. Naye anayesifiwa kwa sifa zisizo za kweli husemwa kuwa amevikwa kilemba cha ukoka. Katika matumizi yote hayo kilemba ni heshima inayotolewa na mmoja na kupokelewa na mwingine, na msemo wa mwisho unakumbusha kwamba heshima hiyo yaweza kuwa ya kweli au yaweza kuwa ya majani yanayonyauka kabla ya jua kutua.

Wazo la kilemba kama heshima inayopita kutoka mkono hadi mkono lilikuwa na nguvu pia ng'ambo ya Bahari ya Hindi, katika Dola ya Moghul iliyoanzishwa na Babur kaskazini mwa India mwaka 1526 na kufikia kikomo chake kufuatia maasi ya mwaka 1857. Mengi yameandikwa kuhusu vilemba vya wafalme hao na vito vilivyovipamba. Chombo kilichovihifadhi, yaani sanduku, kimetazamwa zaidi kama pambo la kupendeza macho. Mhadhara huu unakusudia kuonesha kwamba sanduku hilo lilikuwa sehemu ya mfumo wa utawala. Kilemba kilipata uzito wake kutokana na mahali kilipotoka, na mtu aliyevikwa alipimwa kwa ghala lililofunguliwa kwa ajili yake.

Ufafanuzi utafuata hatua nne: maana ya kilemba katika baraza la mfalme, mpangilio wa maghala yaliyokihifadhi, mafundi waliotengeneza masanduku na malighafi waliyoitumia, na hatimaye yale yaliyoyapata masanduku hayo dola ilipoanguka. Katika hatua ya tatu itaoneshwa pia jinsi historia hii inavyogusa pwani ya Afrika Mashariki na msamiati wa Kiswahili.

2.0 Kilemba na kichwa cha mtawala

Katika Kiajemi, lugha ya utawala wa Wamoghul, kilemba kiliitwa dastar. Katika lugha za kaskazini mwa India kiliitwa pagri. Kwa kawaida kilikuwa kitambaa kirefu chembamba, mara nyingi melimeli ya Bengali, au hariri iliyotiwa zari. Juu yake yaliwekwa mapambo yaliyokuwa na majina na daraja zake. Sarpech lilikuwa pambo la vito lililofungwa mbele ya kilemba. Jina hilo limeundwa kwa sar, yaani kichwa, na pech, yaani kuzungusha au kusokota. Kalgi ulikuwa ushungi wa manyoya, hasa ya korongo, ambao mara nyingi ulishikwa na kito. Mapambo haya hayakuvaliwa na kila aliyeweza kuyanunua. Yalikuwa ya mfalme na jamaa zake, na ya wakuu ambao mfalme mwenyewe aliwatunukia.

Kwa sababu hiyo, kubadilisha kivazi cha kichwa kulikuwa tendo la kisiasa. Humayun, mwana wa Babur, alipopoteza ufalme wake na kukimbilia Uajemi, alipokelewa na Shah Tahmasp mwaka 1544. Miongoni mwa mambo aliyotakiwa kuyafanya ni kuvaa taji la Wasafawi, kofia yenye pande 12 zilizowakilisha Maimamu 12 wa Kishia. Jauhar, mtumishi wake aliyeandika kumbukumbu za safari hiyo, alilitaja tukio hilo kwa kuwa uzito wake ulieleweka na kila mtu aliyekuwapo: aliyekubali kuvikwa alikubali pia kuwa chini ya aliyemvika.

Miaka 72 baadaye, mwaka 1616, Sir Thomas Roe, balozi wa Mfalme James wa Kwanza wa Uingereza, alimwona Jahangir, mjukuu wa Humayun, katika fahari yake yote. Roe aliandika kuhusu kilemba chenye ushungi wa manyoya marefu ya korongo, yakuti upande mmoja na almasi upande wa pili, kila kimoja kikubwa kama tunda la jozi, na katikati zumaridi kubwa zaidi yenye umbo la moyo. Katika kipindi hichohicho, mwaka 1616 au 1617, mchoraji Abu'l Hasan alichora picha ya mwanamfalme Khurram, ambaye baadaye alitawala kwa jina la Shah Jahan, akiwa ameshika mkononi pambo la kilemba. Khurram aliandika kwa mkono wake mwenyewe juu ya picha hiyo kwamba ni sura yake nzuri akiwa katika mwaka wa 25 wa umri wake. Kati ya vitu vyote ambavyo mwanamfalme angeweza kushika, upanga, kitabu au ua, picha inaonesha pambo la kilemba.

Upande wa pili wa fahari hiyo ulionekana Delhi mwezi Agosti 1659. Dara Shikoh, mwana wa Shah Jahan aliyekuwa ametayarishwa kurithi ufalme, alishindwa vitani na mdogo wake Aurangzeb. Kabla ya kuuawa alizungushwa mitaani juu ya ndovu dhaifu. François Bernier, tabibu Mfaransa aliyeshuhudia, aliandika kwamba mwanamfalme hakuwa tena na mikufu ya lulu wala kilemba cha fahari. Alikuwa amevaa nguo chafu za kitambaa kikavu, na kilemba duni kilichozungushiwa shali kama ya mtu wa chini. Watu waliokuwa wakitazama walilia. Aurangzeb hakuhitaji kutoa tangazo refu, kwani kichwa cha ndugu yake kilikuwa kimetangaza yote.

3.0 Ghala, daftari na ngazi za heshima

Kilemba chenye uzito wa namna hiyo hakikuweza kuachwa ovyo. Abu'l Fazl, waziri na mwanahistoria wa Akbar, aliandika mwishoni mwa karne ya 16 kitabu kiitwacho Ain-i-Akbari, ambacho kinaeleza kwa undani namna shughuli za nyumba ya mfalme zilivyoendeshwa. Kwa mujibu wake, kila nguo iliyoingia, iwe imenunuliwa, imefumwa kwa agizo au imeletwa kama zawadi, ilihifadhiwa kwa utaratibu. Zilizofika wakati mmoja zilipangwa kwa kufuata bei. Zilitolewa tena kwa kufuata mpangilio uleule, ama kukaguliwa, ama kukatwa na kushonwa, ama kutunukiwa watu. Kila msimu zilitengenezwa suti kamili 1,000 kwa ajili ya ghala la mfalme, na 120 kati ya hizo, zikiwa zimefungwa katika mafurushi 12, zilikuwa tayari wakati wote.

Akbar alifika hadi kubadilisha majina ya mavazi. Maneno yaliyokuwa yakitumika aliyapa mbadala yaliyotokana na lugha za India. Kofia iliyoitwa kulah kwa Kiajemi akaiita sis sobha, maana yake uzuri wa kichwa. Kwa wanafunzi wa lugha jambo hili linastahili kuzingatiwa: mfalme aliyepanga nguo zake kwa bei na tarehe alitaka pia kupanga maneno ya kuziita. Ghala na kamusi vilishughulikiwa na mkono mmoja.

Umuhimu wa maghala haya ulidhihirika zaidi katika desturi ya khilati, yaani mavazi ya heshima ambayo mfalme alimvika mtu aliyetaka kumtukuza. Khilati zilikuwa na daraja. Ya chini ilikuwa na vitu vitatu: kilemba, joho refu na mshipi wa kiunoni, na ilitoka katika ghala la kawaida la mavazi. Iliyoizidi ilikuwa na vitu vitano. Hiyo ilitoka katika toshakhana, yaani ghala la zawadi, na vitu viwili vilivyoongezwa vyote vilikuwa vya kichwani: sarpech na utepe wa kufungwa juu ya kilemba. Zilikuwapo pia za vitu sita na saba, na juu ya zote ilikuwapo nguo ambayo mfalme alikwisha kuivaa mwilini mwake.

Mpangilio huu unafafanua nafasi ya sanduku. Hatua ya kutoka daraja la kwanza kwenda la pili ilikuwa hatua ya kutoka ghala moja kwenda lingine, na ilionekana kichwani kabla ya mahali pengine popote. Mkuu aliyesimama barazani hakujua thamani ya melimeli kwa kuitazama kwa mbali. Alijua kitambaa kililetwa kutoka wapi, ndani ya nini, na kwa amri ya nani. Chombo kilichobeba kilemba kutoka ghalani hadi mbele ya kiti cha enzi kilikuwa kama muhuri juu ya barua: kilithibitisha asili ya kilichomo.

4.0 Karakana, mafundi na malighafi

Vilemba vilihifadhiwa kwa namna zaidi ya moja. Kitambaa ambacho hakijafungwa kilikunjwa, kikafunikwa kwa kitambaa kingine na kulazwa ndani ya kasha la pembe nne pamoja na nguo nyingine. Kilemba kilichokwisha kufungwa na fundi, ambacho huvaliwa na kuvuliwa kama kofia, hakiwezi kukunjwa bila kuharibika; chahitaji sanduku pana, lenye kimo cha kutosha na kifuniko kilichoinuka kama kuba, ili mikunjo isilale. Mapambo ya vito nayo yalihitaji visanduku vidogo vyenye matandiko laini, kwa sababu sarpech la Wamoghul lilitiwa vito upande wa mbele, na upande wa nyuma, usioonekana likivaliwa, lilipambwa kwa rangi za kioo zilizochomwa juu ya dhahabu. Fundi alipamba pia pale ambapo ni mvaaji na mtunzaji pekee wangepaona.

Waliofanya kazi hizi walikuwa pamoja. Katika barua aliyoiandika mwaka 1663, Bernier alieleza kumbi kubwa za mafundi ndani ya ngome ya mfalme huko Delhi. Katika ukumbi mmoja walikuwamo watarizi, katika mwingine masonara, katika mwingine wachoraji, katika mwingine mafundi wa kupaka rangi ya lakiri; kisha maseremala, wakerezaji, washonaji, na wafumaji wa hariri, zari na melimeli nyembamba za kutengenezea vilemba. Kwa hiyo aliyefuma kilemba, aliyechonga sanduku na aliyelipaka rangi walifanya kazi katika kumbi za ngome moja.

Malighafi zilitofautiana kwa nchi. Katika Kashmir ilitumika karatasi iliyopondwa, ikafinyangwa, ikapakwa rangi za maua na kung'arishwa. Katika Bidar, mji wa Dakani uliotwaliwa na majeshi ya Moghul mwaka 1657, mafundi walisubu vyombo kwa mchanganyiko wa zinki na shaba, wakachonga nakshi na kuzijaza fedha, kisha wakavisugua kwa udongo wa ngome ya mji huo hadi madini yakawa meusi na fedha ikabaki inang'aa. Katika Gujarat, iliyotekwa na Akbar katika miaka ya 1572 na 1573, sifa ilikuwa ya magamba ya chaza. Abu'l Fazl aliwasifu mafundi wa jimbo hilo kwa ustadi wa kupachika magamba yang'aayo, na akataja hasa masanduku na vidau vya wino waliyoyatengeneza. Kazi yao bado yaonekana katika kaburi la Salim Chishti huko Fatehpur Sikri, ambapo paa dogo la mbao juu ya kaburi limefunikwa kwa magamba hayo.

Gujarat ndipo historia hii inapokutana na pwani ya Waswahili. Mafundi wa Gujarat na wa Sindh walitengeneza pia makasha ya mbao nyeusi yaliyopachikwa pembe za ndovu. Pembe za India hazikutosheleza mahitaji, na pembe za Afrika zilipendwa kwa ukubwa na ubora wake. Tangu kabla ya Wareno kufika, majahazi yalichukua pembe kutoka bandari kama Kilwa, Mombasa na Malindi hadi Khambat, na kurudi na nguo. Duarte Barbosa, Mreno aliyeandika mwanzoni mwa karne ya 16, alitaja nguo za Khambat katika miji ya pwani hii. Haiwezekani kusema kwamba sanduku fulani la kilemba lilipachikwa pembe iliyotoka Kilwa. Yatosha kusema kwamba fundi wa Gujarat aliyepachika pembe alikuwa mwishoni mwa njia iliyoanzia bara la Afrika Mashariki, na kwamba wabebaji walioteremsha pembe hizo pwani wamo katika historia ya fahari hii, ingawa hakuna daftari la mfalme lililowataja.

Njia hiyohiyo ya bahari ilibeba maneno. Msemaji wa Kiswahili anayesoma orodha ya ghala la Wamoghul hukutana na jamaa wengi wa zamani: sanduku, johari, almasi, yakuti, zumaridi, feruzi, taji, shali, zari, melimeli. Mengi ya maneno haya yana asili ya Kiarabu au Kiajemi, na mengine ni ya Kihindi. Yote yalikuwa mali ya wafanyabiashara wa bahari moja. Karakana ni neno lilelile ambalo Wamoghul walitumia kwa kumbi za mafundi wao: kar ni kazi, na khana ni nyumba. Neno serikali nalo latokana na sarkar ya Kiajemi, ambayo imeunganisha sar, kichwa, na kar, kazi. Sar hiyo ndiyo iliyomo katika sarpech. Katika India ya Wamoghul sarkar lilikuwa pia jina la wilaya za utawala. Hivyo kichwa kinachovikwa kilemba na kichwa kinachosimamia kazi za nchi vilitajwa kwa neno moja, na Kiswahili kimelihifadhi neno hilo bila kuwa na haja ya kukumbuka kilemba kilichokuwa juu yake.

5.0 Sanduku tupu

Mwaka 1739 Nadir Shah wa Uajemi aliingia Delhi na kuziteka hazina za Muhammad Shah. Baadhi ya vyombo vya dhahabu na vito alivyovichukua vilipelekwa na ujumbe wake hadi St Petersburg mwaka 1741, na viko huko hadi leo katika makumbusho ya Hermitage. Hadithi maarufu husema kwamba almasi ya Koh-i-Noor ilifichwa ndani ya kilemba cha Muhammad Shah na kwamba Nadir Shah aliipata kwa kumtaka wabadilishane vilemba, kama wafanyavyo wanaoapa undugu. Watafiti wa karibuni wameonesha kwamba hadithi hiyo ilizuka baadaye sana. Hata hivyo ilienea kwa sababu ililingana na mambo ambayo watu waliyaelewa: katika desturi hiyo asiyeweza kukataa kubadilishana kilemba hana tena ufalme.

Baada ya jeshi la Kampuni ya Uingereza ya Mashariki ya India kuitwaa Delhi mwaka 1803, wafalme wa Moghul walibaki wakiishi kwa posho. Waliendelea kutoa khilati, na wapokeaji waliendelea kuinamisha vichwa, lakini ghala halikuwa tena na nchi nyuma yake. Kilemba kilikuwa kimegeuka cha ukoka. Maasi ya mwaka 1857 yaliposhindwa, Bahadur Shah wa Pili alipelekwa uhamishoni Rangoon, na mali za kasri zikapigwa mnada. Kofia yake ya dhahabu yenye vito ilinunuliwa na ofisa wa jeshi, Robert Tytler, naye akaiuza kwa familia ya kifalme ya Uingereza mwaka 1861. Imo hadi leo katika mkusanyo wa kifalme wa nchi hiyo.

Masanduku yalitawanyika vilevile. Ya dhahabu na fedha yaliyeyushwa kwa urahisi. Ya mbao, karatasi na madini meusi yalikuwa na nafasi kubwa zaidi ya kusalimika, kwa kuwa hayakuwa na thamani ya kuyeyushwa. Vitambaa vilichakaa. Matokeo yake ni kwamba mtafiti hukutana na chombo bila kile kilichomo. Sanduku lisilo na maandishi laweza kuitwa la vito, la tambuu au la kilemba, na uamuzi hutegemea vipimo na muundo: sanduku la tambuu huwa na sinia na vyumba vya popoo, chokaa na viungo; la kilemba lahitaji uwazi mpana usiogawanywa. Kosa la jina si dogo. Sanduku la kilemba likiitwa la vito, hubaki kuwa ushahidi wa utajiri, na ushahidi wa uhusiano kati ya aliyevika na aliyevikwa hupotea.

Neno toshakhana lenyewe halikufa. Waingereza walilichukua kwa ghala ambamo maofisa wao walilazimika kukabidhi zawadi walizopewa na watawala wa India. Hadi leo ni jina la ofisi inayotunza zawadi za viongozi nchini India na Pakistan, na mwaka 2023 hukumu ya mahakama kuhusu zawadi za toshakhana ilimpeleka gerezani waziri mkuu wa zamani wa Pakistan. Kesi hiyo inakumbusha swali la zamani: zawadi iliyotolewa kwa kichwa cha nchi ni mali ya nani, ya mtu au ya ghala?

6.0 Hitimisho

Mhadhara huu umeonesha kwamba sanduku la kilemba katika majumba ya Wamoghul lilikuwa na kazi tatu zilizofungamana. Lililinda kitambaa na vito. Lilikiweka kilemba katika mpangilio wa maghala uliolingana na mpangilio wa vyeo. Na liliwakutanisha, katika kitu kimoja, wafumaji wa Bengali, wapachikaji wa Gujarat, na wafanyabiashara wa bahari iliyogusa Kilwa na Mombasa. Kulisoma kama pambo tu ni kuisoma kazi ya kwanza na kuziacha mbili.

Kwa wataalamu wa Kiswahili kuna kazi inayofuata. Majina ya vitambaa, vito na vyombo yaliyomo katika kamusi za Kiswahili mengi yameelezwa kwa asili ya lugha tu: Kiarabu, Kiajemi, Kihindi. Maelezo hayo ni ya kweli lakini hayatoshi. Kila jina lilifika likiwa na kitu, na kila kitu kilikuwa na ghala kilikotoka, fundi aliyekitengeneza na mtu aliyepewa au aliyenyimwa. Vitu vingi vimekwisha kuoza au kuuzwa mnadani. Majina bado yanatumika madukani, harusini na katika ofisi za serikali, na wazee wanaojua melimeli ilifungwaje au mkaja ulitolewaje bado wanaweza kuulizwa. Yafaa waulizwe sasa, kabla maneno hayo nayo hayajabaki masanduku ambayo hakuna akumbukaye yalihifadhi nini.